Kahawa Yenye Ladha ya Nyumba Mpya

Vijana wangu, kwa miaka zaidi ya thelathini nimelipwa mshahara kwa kazi ya kufyonza kahawa kwa kelele na kuitema. Msicheke. Mama yangu alikwenda kaburini akiamini kwamba mimi ni karani, kwa maana nilishindwa kabisa kumweleza kuwa kuna watu wazima, wamevaa tai, wanaozunguka meza wakipiga mafunda kama ng'ombe waliofika kisimani, halafu wanatema kila kitu kwenye kopo.

"Na hiyo kahawa hammezi?"

"Hatumezi, mama."

"Kwani ina nini?"

Basi nikamwambia mimi ni karani, tukala ugali kwa amani.

Vikombe nilivyoonja, kama vingemwagwa pamoja, Mto Nairobi ungefurika mpaka Athi, na samaki wake wasingepata usingizi wiki nzima. Lakini sikuandika haya ili kujisifu, au tuseme sikuandika kwa ajili hiyo peke yake. Kuna jambo moja nililijua pale mezani, na lilinigharimu aibu kubwa kulijua. Nataka ninyi mlijue kwa bei nafuu.

Ofisi yetu ilikuwa katikati ya mji, ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha la kaskazini ili mwanga usicheze na rangi ya kahawa. Katikati palikuwa na meza ya duara iliyozunguka kwa kusukumwa na kidole. Mabakuli meupe yalipangwa ukingoni, na mwonjaji alikaa mahali pamoja huku mashamba ya nchi nzima yakimpitia mdomoni: Thika, Kiambu, Ruiru, Kitisuru. Miaka hiyo ya hamsini, Kitisuru mnayoiona leo ina mageti na mbwa ilikuwa mibuni mitupu, mistari kwa mistari.

Mkubwa wa meza alikuwa Mzungu ambaye tulimwita Bwana Filimbi, kwa sababu alipofyonza kijiko, sauti yake ilisikika mpaka chini barabarani na polisi wa magari waligeuka kutazama. Karani alikuwa Bwana Pinto, Mgoa mwenye mashine ya kuchapa, aliyeandika kila neno lililotoka mdomoni mwa Bwana Filimbi. Nyuma, kwenye chumba cha kukaangia, alikuwa Mzee Andabwa, mtu wa kwetu magharibi, ambaye hakujua kusoma hata jina lake lakini alikaanga kwa masikio. Punje zikianza kulia kwenye pipa dogo, alihesabu mlio, kisha akamwaga. Kwa miaka yote, isipokuwa siku moja nitakayoitaja, sikumwona akiunguza hata gramu moja.

Mimi niliosha mabakuli. Jina la kazi yangu lilikuwa "boi wa vikombe", ingawa nilikuwa na mke, watoto wawili, na masharubu ambayo yangeweza kufagia chumba. Nawaambia kweli, ukiitwa boi tangu asubuhi, ikifika mchana hata miguu yako inatembea kiboi. Unapita kando ya ukuta. Unakohoa ukiomba ruhusa. Jioni nilipokwenda shule ya watu wazima kule Kaloleni, mwalimu aliniita Bwana Zakayo, na ghafla nilipata shingo. Mtu yule yule, suruali ile ile.

Sasa, kuosha mabakuli kuna siri yake. Kila bakuli hubaki na funda moja chini, nami sikuwa mtu wa kumwaga kitu bure. Nilionja. Mwanzoni nilikuta kitu kimoja tu: uchungu. Bakuli la Thika chungu, la Kiambu chungu, la Ruiru chungu zaidi. Na kule mezani Bwana Filimbi alikuwa akitaja limau, asali, mvinyo, na tunda moja la kwao liitwalo blakkaranti, huku Bwana Pinto akipiga mashine tak-tak-tak. Nilidhani wanaumwa.

Hilo blakkaranti lilinikosesha raha. Nikamwuliza Bwana Pinto ni nini.

"Ni tunda, Zakayo."

"Umewahi kuliona?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Hapana," akanong'ona. "Mimi naandika tu."

Wakati huo nililala Spring Valley, kwenye chumba cha binamu yangu aliyekuwa mpishi, na kila asubuhi nilishuka kwa miguu kupitia Westlands na Parklands. Huko Parklands palikuwa na mzambarau uliotoa matawi nje ya ua wa nyumba ya Wahindi. Msimu wake niliokota zilizoanguka njiani, mpaka mama mwenye nyumba alinikuta.

"Wewe kila siku naokota chini kama kuku," alisema. "Leta kofia."

Akanijazia kofia. Nikala njia nzima, nikafika kazini nikiwa na ulimi wa rangi ya wino. Nikachukua bakuli la kwanza la kuosha, namba nne, nikaonja lile funda la chini, na vijana wangu, nikashika sinki kwa mikono miwili. Zambarau! Ilikuwa humo ndani ya kahawa, inaniangalia. Nikakimbia kwa Bwana Pinto: bakuli namba nne limeandikwa nini? Blakkaranti. Tangu siku hiyo haikunipotea tena. Kahawa haikuwa imebadilika, nami ulimi wangu ulikuwa ule ule niliozaliwa nao. Kilichoongezeka ni mlango wa kuingilia.

Baada ya zambarau yakaja mengine kwa fujo. Mpishi mmoja wa Mombasa alinipa neno "ukakasi", ule mkwaruzo wa ndizi mbichi unaokaza mashavu, na wiki ile ile nikaukuta katika mabakuli sita. Nilikuwa kama mtu aliyevishwa miwani.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Msaidizi wa Bwana Filimbi alirudi kwao Ulaya moja kwa moja, na kiti chake mezani kikabaki wazi. Bwana Pinto akanisukuma nijaribu, akanichapia orodha ya maneno arobaini ya kampuni. Nikaipeleka shule ya jioni, nikaikariri yote kwa mpangilio wa alfabeti. Mwalimu alifurahi akasema sijawahi kusoma hivyo. Nilikariri nikitembea, nikinyoa, nikiomba kanisani.

Siku ya mtihani, Bwana Filimbi aliweka mabakuli matatu.

"Mbili iko ndugu," alisema kwa Kiswahili chake cha mashambani. "Moja iko mgeni. Wewe nambie mgeni iko wapi."

Nikafyonza la kwanza, la pili, la tatu. Nikarudia. "Mgeni ni huyu wa katikati, bwana."

"Iko na nini?"

Nikafungua bomba. Nikasema kwa Kiingereza cha Kaloleni kwamba la katikati lina limau mbele, asali ubavuni, mvinyo nyuma, na blakkaranti mlangoni anabisha hodi. Robo saa nzima. Bwana Pinto aliacha kupiga mashine akabaki mdomo wazi. Nilipomaliza nilifuta jasho kwa tai niliyokuwa nimeazima.

"Zakayo," alisema Bwana Filimbi polepole. "Yote tatu iko ndugu. Toka birika moja, kahawa moja."

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze pamoja na meza.

"Wewe hapana onja," alisema. "Wewe nasoma. Mimi nangoja mpaka mwisho ya mwezi. Kama nadanganya meza yangu mara ingine, wewe nakwenda godauni kushona gunia."

Na hili ndilo la ajabu, vijana: sikuwa nimedanganya. Ile limau niliionja kweli! Ningeweza kuapa mbele ya hakimu. Maneno arobaini yalikuwa yamekaa mlangoni mwa mdomo wangu kama mawakala wa kituo cha basi, kila moja likivuta abiria upande wake.

Nilikwenda kukaa juu ya gunia katika chumba cha kukaangia. Mzee Andabwa alikuwa akizungusha pipa lake. Alikuwa amesikia yote. Ukuta ule ulikuwa wa mbao.

"Umekula aibu," alisema.

"Nimeshiba, mzee."

"Unajua ulichofanya? Umemsalimu mgeni kabla hajafika mlangoni. Tena kwa jina. Hata hakuwa njiani."

"Sasa nifanyeje? Maneno ndiyo kazi."

Akasimamisha pipa, akamwaga punje, akazipepea. Ndipo akaniuliza, "Mwana wetu, nyumbani, nyama ikichomwa kwa jirani, unasemaje?"

"Nasikia harufu ya nyama."

"Unasikia. Huisemi, huionji. Unaisikia. Sasa nani husikia kitu huku anaongea? Wewe unaongea na kahawa tangu haijaingia mdomoni. Nyamaza uisikie."

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, na nimehudhuria semina zenye chakula kizuri, lakini elimu yote ya kazi yangu iko katika maneno hayo ya mtu aliyetia sahihi kwa kidole gumba.

Basi andikeni haya, ninyi mnaoanza. Siku ya kuonja usile kitunguu, usinuse tumbaku, usioge kwa sabuni ya marashi hata kama una miadi. Ukivunja kwa kijiko utando wa unga wa kahawa unaoelea juu ya bakuli, weka pua karibu kabisa, usiogope kulowa. Ngoja ipoe: kahawa ya moto imevaa koti, ikipoa inavua. Fyonza kwa nguvu mpaka itawanyike mdomo mzima, na mwenye haya aende akauze vitambaa. Kisha funga macho. Kitakachokuja kwanza si neno. Huja mahali, au mtu, au siku fulani. Kaa napo kwanza. Jina utalitafuta baadaye, na ukilikosa usiazime la jirani kwa haraka.

Wiki tatu nilifanya hivyo kwenye mafunda ya chini ya mabakuli. Nilisikia mvua ya kwanza kwenye vumbi. Nilisikia kikapu cha simsim. Bakuli moja lilikuwa shangazi yangu kabisa, mkali na mwema, na sikumwambia mtu.

Siku mbili kabla ya mnada wa kahawa, na siku tano kabla ya mwisho wa mwezi, ililetwa sampuli ya shamba moja la Kitisuru. Bwana Filimbi alifyonza, akatema. "Safi," akasema. "Iko lala kidogo, kama bila nguvu, lakini safi." Tak-tak-tak. Kisha akanionyesha kijiko kwa kidevu: onja.

Nikafyonza. Nikafunga macho. Nikanyamaza.

Nilikuwa na miaka saba. Baba amemaliza nyumba mpya, mama na shangazi wamekandika kuta na sakafu kwa udongo na samadi, kwa viganja, alama za vidole bado zinaonekana. Tumelala humo usiku wa kwanza, kwenye mkeka, na ukuta unapumua ubaridi puani. Kila mtu wa kwetu anaijua harufu hiyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya bakuli.

Nikafungua macho. Katika orodha ya maneno arobaini hapakuwa na kitu kama hicho. Ningejua, nilikuwa nayo yote kichwani. Mlangoni alisimama Mzee Andabwa na ungo wake. Nikisema na nikakosea, naanza kushona magunia kesho. Nikinyamaza, hakuna wa kunilaumu, na kahawa inakwenda mnadani na harufu yake.

"Bwana," nikasema, "hii kahawa imelala kwenye nyumba mpya."

"Nini?"

"Nyumba iliyokandikwa. Udongo na samadi. Haujakauka."

Bwana Filimbi akamtazama Bwana Pinto. Bwana Pinto akaitazama mashine yake. "Kwa orodha hapana neno kama hiyo," alisema Bwana Filimbi.

"Kweli, bwana. Kwa orodha haiko. Kwa mdomo iko."

Akawa mwekundu kama nyanya. Akafyonza mara tatu. "Mimi hapana pata kitu!" Lakini yule mtu, pamoja na hasira zake, aliipenda kazi kuliko heshima yake. Akachukua kofia. "Twende Kitisuru. Kama hapana nyumba mpya, wewe nabaki huko, mimi natuma gunia na sindano."

Nilikaa kiti cha nyuma. Tulipita Westlands, tukapita Spring Valley, na mpishi binamu yangu, aliyekuwa getini, aliniona ndani ya gari la Mzungu, nimekaa wima, nimekumbatia bakuli. Baadaye aliniambia alijua nimekamatwa.

Pale shambani tulipokewa na nyapara, mtu mnene mwenye filimbi ya kweli shingoni, jina lake Lubanga, jina la kwetu magharibi. Akatupeleka ghalani. Mlango ulipofunguliwa, moyo wangu ulishuka hadi kwenye soksi. Kuta za mawe, zimepakwa chokaa. Sakafu ya simenti, kavu, ungeweza kukaangia yai.

"Hapa kila kitu iko namna gani?" Bwana Filimbi alimwuliza.

"Yote safi, bwana," alisema Lubanga, amejinyoosha, macho mbele.

Bwana Filimbi akanigeukia. Nami tayari nilikuwa najiona godauni, nimevaa gunia.

Lakini lile jibu nililijua. "Yote safi, bwana" nami nilikuwa nalisema mara mia kwa siku. Si jibu, ni sare ya kazi. Mtu analivaa asubuhi. Nikamsogelea, nikamsalimu kwa lugha ya kwetu, nikamwuliza habari za nyumbani kwake, za mama yake, za mvua. Nikaona mabega yanashuka. Uso ukarudi uso wa mtu. Ndipo nikamwuliza, "Ndugu yangu, hapa karibuni mmekandika wapi?"

Akaangaza kama taa! "Eh! Nani amekuambia? Njoo uone!" Akanishika mkono, akanivuta nyuma ya ghala. Wageni wa mwenye shamba walikuwa wanakuja kutembea, simenti ya chumba cha nyuma ilikuwa imepasuka, basi Lubanga akaita wake za wafanyakazi, wote watu wa kwetu, wakakandika sakafu yote kwa heshima ya wageni. Kazi nzuri ajabu, imepigwa mistari ya mawimbi kwa vidole, kama nyumba ya bibi arusi. Na juu yake, magunia ya kahawa ikiwa bado na ganda lake jembamba, yamelala kimya, yanavuta harufu usiku na mchana.

Bwana Filimbi akaingia. Akapiga magoti na kaptula yake ya kaki, akainama mpaka pua ikagusa sakafu. Akakaa hivyo muda wa kumaliza Baba Yetu, ile ndefu. Kisha akaomba bakuli langu, akafyonza kahawa baridi kabisa, akafumba macho.

"Kumbe," alisema. Pua yake ilikuwa na udongo. "Kumbe iko hapa yote siku. Mimi nafikiri iko lala tu." Akanitazama. "Hii naitwa nini, ile kazi ya mama?"

"Kukandika, bwana."

"Kandika," alisema. "Kandika, kandika," kama mtoto aliyepewa peremende.

Magunia yalitolewa yakaanikwa juani, sampuli ikaondolewa mnadani, na Lubanga hakufukuzwa. Aliambiwa aweke magunia juu ya mbao, basi. Tuliporudi mjini, Bwana Filimbi alimwamuru Bwana Pinto aongeze neno la arobaini na moja kwenye orodha. "Linaandikwaje?" akauliza Bwana Pinto. Nami, boi wa vikombe, nikamtajia herufi moja moja, taratibu, kama mwalimu wangu wa Kaloleni. Mzee Andabwa alisimamisha pipa ili asikie. Ndiyo siku pekee niliyonusa punje zikiungua pale kwetu.

Mnadhani hadithi iliishia hapo? Wiki iliyofuata Bwana Filimbi aliikuta kandika katika kila bakuli! Thika kandika, Ruiru kandika. Chai yake ya saa nne, kandika. Alinionjesha bakuli la nane, nikafumba macho, nikanyamaza, sikusikia ila limau. Nikavuta pumzi.

"Bwana," nikasema, "umemsalimu mgeni kabla hajafika mlangoni."

Bwana Pinto akainua vidole kwenye mashine. Kisha Bwana Filimbi akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi, akavuta kile kiti kitupu kwa mguu. "Kaa," akasema. Bwana Pinto akachapa jina langu chini ya lake katika karatasi ya siku hiyo, na mbele ya jina akachapa neno ambalo Kiswahili chetu hakikuwa nalo ofisini: mwonjaji. Jioni hiyo nilipanda mpaka Spring Valley nikipita katikati ya njia.

Krismasi hiyo mke wa Bwana Filimbi alinitumia chupa ya jamu ya blakkaranti kutoka kwao. Nikaifungua kwa heshima zote, nikalamba kijiko, nikafumba macho. Ilikuwa zambarau iliyosahau kwao.

Juzi nilialikwa kwenye ofisi moja ya kahawa nizungumze na waonjaji wapya. Msichana mmoja, mwenye ulimi mzuri kuliko wangu wa wakati ule, alifyonza bakuli akasema, "Hii ina kandika kidogo, nyuma."

"Binti, umewahi kulala kwenye nyumba iliyokandikwa?"

"Hapana, mzee. Sisi tunakaa Westlands, ghorofa ya saba. Kwani kandika si ni neno la Kiingereza?"

Nilicheka mpaka nikaletewa maji. Kisha nikamwambia afumbe macho, aonje tena, anyamaze, aniambie yuko wapi.

Akafyonza, akafumba macho. "Niko chini ya jengo letu," alisema, "pale magari yanapoegeshwa. Mvua imenyesha, maji yameingia, lifti imekwama, na mimi ni mdogo, nimeshika mkono wa baba tukipanda ngazi." Akafumbua macho, ameona haya. "Lakini hilo halimo kwenye orodha, mzee."

Nikampa kalamu yangu.